Wenye Mavazi Meupe pale Umbilo

Fundi wa nguo niliyeshiriki naye duka alipenda kusikia habari za vita. Si vita vyetu vya Kivu. Vita hivyo alikuwa amevipitia, na mtu akivitaja alizidisha mwendo wa cherehani mpaka mazungumzo yafe. Alipenda vita vya watu waliokufa zamani mno, wale waliojishonea misalaba mabegani wakatoka Ulaya kwenda kuiteka Yerusalemu, wakaua na kuuawa njia nzima kwa jina la Mungu.

Mimi ndiye niliyempa habari hizo. Duka letu lilikuwa Umbilo, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, chumba kimoja kirefu cha watu watatu. Mama mmoja wa Burundi alikuwa na saluni upande wa nyuma, mimi nilitengeneza simu katikati, na fundi alikaa na cherehani yake karibu na mlango ili apate mwanga. Yeye alikuwa mtu wa Uvira, kule Kongo, kama mimi. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita mkubwa, naye aliniita mdogo wangu. Wakati huo nilikuwa nikisoma shahada ya pili ya historia, na kazi yangu ilihusu jinsi waandishi wa wakati ule walivyosimulia mauaji. Wateja wakipungua nilifungua maandishi hayo kwenye simu, na fundi akiniona nimeinama hivyo aliuliza, "Leo wamefika wapi?"

Nilimwambia walipofika. Nilimsimulia jinsi walivyouzunguka mji mmoja wakarusha vichwa vya waliouawa juu ya ukuta, kwa mitambo ya kurushia mawe, ili walio ndani wawatambue ndugu zao. Nilimsimulia jinsi walivyoingia Yerusalemu wakaua watu hekaluni. Mwandishi mmoja anasema damu ilifika kwenye vifundo vya miguu. Mwingine, aliyekuwapo siku hiyo hiyo, anasema ilifika magotini mwa wapandaji na kwenye hatamu za farasi. Huyo wa pili alikuwa padri, na maneno ya hatamu aliyatoa kwenye kitabu cha Ufunuo. Mwingine tena anasema wapiganaji waliwapasua maiti matumbo kutafuta dhahabu ambayo hao waliouawa walikuwa wameimeza.

"Na maiti zote hizo, nani aliziondoa?" fundi aliuliza.

Nikamwambia kwamba wenyeji waliosalia hai ndio waliolazimishwa kuzikokota nje ya malango na kuzipanga, hata malundo yakawa makubwa kama nyumba.

Akaacha kukanyaga cherehani. "Wenyeji wenyewe? Watu wao?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeshabeba," alisema. "Nilikuwa kijana. Walikuja pale mtaani kwetu wakatuchagua wenye nguvu." Akavuta kitambaa, akaendelea kushona.

Lakini kisa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha Antiokia. Wale wa msalaba walikuwa wameuteka mji huo, kisha wao wenyewe wakazingirwa ndani yake, wakala farasi wao, wakala majani na ngozi zilizochemshwa. Mwishowe walitoka nje kupigana, na mwandishi anasema wakati huo likashuka mlimani jeshi la wapanda farasi weupe wenye bendera nyeupe, wakiongozwa na watakatifu, likawasaidia kushinda. Fundi alinitaka nimsimulie hicho mara kwa mara.

"Walikuja kweli?" aliniuliza siku moja.

"Mwandishi anasema walikuja."

"Sikuulizi mwandishi. Nakuuliza weye."

"Sidhani, mkubwa. Nadhani watu walishinda, halafu wakashindwa kuelewa walishindaje."

Akatikisa kichwa. "Minasema walikuja. Watu wenye njaa ile hawawezi kushinda peke yao. Haiwezekani, bana." Mama wa saluni, ambaye alikuwa akisikiliza huku akisuka, akaitikia amina. Nikacheka, nikarudi kwenye simu zangu.

Siku ya mashambulizi ilianza kama siku nyingine. Tulikuwa tumesikia kwamba kungekuwa na maandamano mjini dhidi ya wageni, lakini maandamano ya namna hiyo yalikuwa yamepita mara nyingi bila kutufikia. Karibu na saa sita mchana fundi aliishiwa zipu. Akavuka barabara kwenda kununua kwenye duka la vitambaa karibu na taa, zile ambazo hapa kila mtu anaziita roboti. Aliniachia suruali ya mteja mapajani akisema nimwangalizie.

Nilisikia nyimbo kabla sijaona mtu. Kisha nikasikia vioo. Nikatoka mlangoni, nikaona barabara imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, watu wenye marungu, viboko na vipande vya nondo. Duka la viazi la jirani, la Mkongo mwenzetu, lilikuwa tayari linatoa moshi. Upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la vitambaa, fundi alikuwa amesimama na mfuko wake wa plastiki wa zipu. Alikuwa nyuma kidogo ya kundi. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Kwa pale aliposimama kulikuwa na kichochoro mkono wake wa kushoto, na angeingia humo bila kuonwa.

Aliniona nimeganda. Akainua mikono akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Fungeni! Mdogo wangu, fungeni!"

Kwa Kiswahili. Katikati ya umati ule.

Vichwa vikageuka. Nikasikia mtu akisema lile neno wanalotuitia wageni, na kundi likakatika mara mbili, wengine wakimwendea yeye na wengine wakija kwetu. Nikavuta mlango wa chuma mpaka chini, mama wa saluni akanisaidia kusukuma komeo. Ndani tulibaki sisi wawili, wasusi wake, na mteja mmoja aliyekuwa amesukwa nusu ya kichwa. Walianza kuupiga mlango. Mteja yule alijifunika taulo la saluni usoni kama mtoto. Mama wa saluni alipiga magoti akaanza kuomba kwa Kirundi.

Mlango ule ulikuwa na pengo ubavuni, pale reli ilipopinda. Niliweka jicho hapo. Fundi alikuwa amekwisha kuangushwa. Aliinuka, wakampiga nondo begani, akainuka tena. Kila mara alijaribu kuinuka kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umevunjika na ulining'inia. Mtu mmoja mwenye kofia nyekundu alichukua tofali la kuegeshea mlango wa duka akamshushia nalo kichwani. Halafu akaliokota na kumshushia tena. Zipu zilitapakaa barabarani. Alipoacha kuinuka waliendelea kumpiga, na waliokuwa nyuma, ambao hawakuwa wamempiga bado, walisogea mbele ili nao wapate nafasi.

Kwetu walikuwa wameleta mkasi mkubwa wa kukatia kufuli. Nilisikia chuma kikilia. Ndipo zikasikika risasi za mpira kutoka kona, na gari la polisi, jeupe kama yalivyo magari yao yote, likapanda juu ya njia ya watembea kwa miguu na kusimama mbele ya mlango wetu. Watu wakakimbia. Mambo yalikwisha hivyo, na upesi kuliko yalivyoanza.

Nilipotoka nilimvulia fundi kiatu kilichobaki, sijui kwa nini. Uso haukuwa uso tena. Nilimtambua kwa shati na kwa dole gumba, lililokuwa na kidonda cha sindano cha juzi yake. Askari mmoja aliniuliza kama ni ndugu yangu, nikasema ndiyo.

Mkewe, niliyemwita shemeji, naye akiniita hivyo hivyo, aliuza nguo za watoto sokoni mjini. Nilikwenda naye mochwari. Mhudumu alitushauri tumtambue kwa mikono tu. Shemeji akakataa. Alifunua shuka mwenyewe, akatazama muda mrefu, akalirudisha na kulinyoosha pembe kama anayetandika kitanda. Tulipokuwa nje akaniuliza, "Alisema nini mwisho?"

"Alisema tufunge mlango."

"Na mukafunga?"

"Tulifunga, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa. "Alifanya bien, alifanya vizuri," alisema. Kisha akakaa chini palepale kwenye sementi.

Tulimzika hukuhuku Durban, kwa sababu njia ya kumrudisha Uvira ilikuwa imefungwa na vita vingine. Jumapili iliyofuata tulikwenda kusali. Kanisa letu lilikutana kwenye ukumbi wa kukodi, hapohapo Umbilo, Wakongo wengi na Warundi, na siku hiyo lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Wengi wao hawakuwa wamefungua maduka wiki nzima.

Pasta alihubiri juu ya mashambulizi. Alisema watoto wa Mungu walikuwa wamejifungia saluni, adui akakata kufuli, na dakika ile ile wakasimama mlangoni watu wenye mavazi meupe, wenye mapanga ya moto, na adui alipowaona akatupa silaha akakimbia. Ukumbi ukalipuka. Akina mama walirusha leso juu, watu walicheza, mtu wa kinanda akaanza kupiga. Nilimtazama mama wa saluni. Alikuwa akilia huku akipunga mikono, naye hakuwa akidanganya. Siku ile, akiwa amepiga magoti, aliniambia kwamba aliona weupe chini ya mlango. Weupe tu, ndilo neno alilotumia. Kutoka kwake hadi mimbarini, weupe ule ulikuwa umevaa kanzu na kushika panga.

Kwa miaka miwili nilikuwa nimesoma jinsi kitu hicho kinavyotokea, na nilikuwa nimeandika kurasa nyingi za kujiamini kuhusu watu wale wa Antiokia. Sasa kilitokea mbele yangu, juu ya maiti niliyoivua kiatu, na ndani ya kisa hicho kipya hapakuwa na aliyekufa.

Shemeji alinishika mkono. Alizungumza polepole ingawa ngoma zilikuwa zikilia. "Shemeji, weye ulikuwa mule ndani. Uliwaona?"

"Hapana."

"Kama walikuwa mlangoni, mume wangu alikuwa ng'ambo ya barabara tu. Kwa nini hawakuvuka?"

Ibada ilipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa pasta, nami nikamfuata. Pasta alikuwa akikunja nyaya za vipaza sauti. Alimpa pole, akamwita mama, akamvutia kiti. Shemeji hakukaa. Akamuuliza swali lile lile: kwa nini hawakuvuka?

Pasta aliweka nyaya chini. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya mashambulizi alikuwa amezunguka na gari lake akiwaokota watu wa kanisa mpaka kioo cha mbele kikavunjwa.

"Mama," alisema, "angalia hawa watu. Wanaogopa hata kwenda kununua mkate. Nikiwapa maiti leo, kesho nani atafungua duka? Nani atapeleka mtoto masomoni? Niliwapa kitu cha kuwasimamisha."

"Minaelewa."

"Basi."

"Lakini aliyefungisha ule mlango ni mume wangu. Si malaika. Alikuwa na njia ya kukimbia na hakukimbia. Alipiga kelele kwa lugha yetu, na ile lugha ndiyo ilimuua. Munamutoa ndani ya hadithi, munaweka watu wasio na jina. Yeye hana nafasi?"

Pasta akaniangalia kama anayeomba msaada. Nikamwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwamba niliona kwa macho yangu. Mwishowe akasema Jumapili ijayo shemeji apande asimulie mwenyewe.

Alipanda. Alivaa nguo nyeusi, na alisimulia kama mtu anayeelekeza njia: alitoka dukani, alikwenda kununua zipu, alikuwa karibu na kichochoro, alisema fungeni. Alitaja tofali. Alisema pia jinsi uso wake ulivyokuwa, na baadhi ya watu wakafunika masikio, mama mmoja akatoka nje na watoto wake. Hakulia hata kidogo. Alipomaliza hapakuwa na amina. Watu walitazama magoti yao, kisha mwanamume mmoja wa nyuma, mtu wa Fizi, akasimama na kusema, "Na mimi kaka yangu waliniulia mbele ya macho, kule nyumbani. Sijawahi kusema." Akaketi. Mwingine akasimama. Iliendelea hivyo mpaka mwenye ukumbi akaja kudai chumba chake.

Mama wa saluni alikasirika. Wiki nzima hakunisemesha, kisha akaniambia, akiwa amempa mgongo mteja, "Mimi niliona. Usiniondolee kitu nilichokiona." Nikamjibu kwamba sikumwondolea. Tukaendelea kufanya kazi chumba kimoja.

Na kisa hakikukaa kimya. Mwezi haujaisha, nikakisikia Overport, mtaa mwingine wa Durban, kwa mtu asiyekuwa wa kanisa letu, fundi akiwa sasa ndani yake: alikuwa amevaa meupe, ameinua Biblia, anawahubiria wauaji. Shemeji alipokisikia alisema, "Shati lilikuwa la kijivu. Nililipiga pasi mimi," na akampigia simu mtu yule ili amwambie hivyo.

Kabla mwaka haujakatika, mwanamume mmoja aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa kijana mtulivu, mwenyeji, aliyesalimia vizuri. Nilipomaliza kubandika kioo kipya nilifungua picha ili kujaribu kama inaitikia kidole, kama nifanyavyo kila siku, na video ikaanza. Niliitambua barabara. Nililitambua duka letu, mlango ukishuka. Safari hii nilikuwa upande wao, ndani ya nyimbo.

"Ulikuwapo?" nilimuuliza. Tulizungumza Kiingereza.

"Ilikuwa vita," alisema, bila kuona aibu wala kujisifu. "Eish, siku ile. Wale wageni walikuwa na bunduki humo ndani. Kulikuwa na mkubwa wao barabarani, akawapigia kelele kwa lugha yao watoke watuue. Tungefanya nini?"

"Alisema 'fungeni'," nikamwambia.

"Nini?"

"Neno alilolisema. Maana yake ni fungeni mlango. Alituambia sisi. Nilikuwa mimi hapa, na wanawake wa saluni."

Alitazama mlango, akatazama mashine zangu ndogo mezani, akatazama nyuma, mama wa saluni alipokuwa akimkausha mtu nywele. Aliupima upya ukubwa wa chumba. Midomo yake ilitikisika kana kwamba anataka kunisahihisha. Kisha akanyoosha mkono achukue simu yake, nami nikampa, kwa sababu mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika bisibisi na niliogopa kile ambacho mkono huo ulitaka kufanya. Alipotoka nilimpigia askari mwenye jalada letu, nikampa namba ya kijana huyo. Alikuja kuandika maelezo. Kijana alikamatwa, akaachiwa kwa dhamana, na kesi imeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba sasa mimi na shemeji tunalijua benchi letu pale mahakamani. Mwenye kofia nyekundu hajapatikana.

Nilimaliza masomo. Katika ile kazi niliziandika upya kurasa za Antiokia. Sikusema kwamba wapanda farasi weupe walikuja. Niliandika habari za waliokuwa na njaa ndani ya ule mji, kadiri waandishi walivyoacha mwanya wa kuwaona, na msimamizi wangu akalalamika kwamba sura hiyo imekuwa ndefu.

Shemeji anakaa Cato Manor sasa. Anashona kwa cherehani ya mumewe, mapazia zaidi kuliko nguo. Mwezi uliopita nilikwenda kumtengenezea simu, na nikiwa bado nimeifungua mgongo, Uvira wakapiga kwenye simu yangu. Ni mama mzazi wa fundi. Mtandao ulikuwa umepatikana baada ya muda mrefu, na sauti yake ilikuja na kupotea. Shemeji aliipokea, akaweka spika ili aendelee kukunja pazia.

"Mwanangu," yule mama alisema, "watu wa kanisa walituletea habari. Walisema malaika walisimama naye barabarani. Walisema walikuwa wamevaa meupe, na hakusikia maumivu. Ni kweli?"

Shemeji aliacha kukunja. Nilimwona anavuta pumzi, kama alivyovuta pale mimbarini, na nikajua anapanga maneno: zipu, kichochoro, tofali. Upande wa pili yule mzee alisubiri. Kulikuwa na jogoo akiwika huko kwao.

"Ni kweli, mama," shemeji alisema.

"Wewe uliambiwa na aliyeona?"

Shemeji akaniangalia. "Ndiyo. Huyu hapa, aliona mwenyewe." Akanisogezea simu.

Nikamsalimia mama. Nikamwambia mwanawe alikuwa mtu jasiri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, kwamba alituokoa, na kwamba hakuwa peke yake. Akashukuru, akatubariki wote wawili, na laini ikakatika kabla hajamaliza.

Shemeji aliuchukua mshipi wa pazia akaupitisha kwenye cherehani. "Usiandike hiyo," aliniambia.

"Ipi?"

"Hii ya leo." Akaanza kukanyaga. Baadaye, alipofika mwisho wa pindo na kukata uzi, akabadili mawazo. "Ama andika. Lakini andika na ile ingine yote."